Rimu nyepesi, mshiko haba

Mizani ya bafuni haikutengenezwa kwa ajili ya gurudumu la inchi 19. Ukililaza juu yake, tairi linafunika kioo na namba huioni. Ukilisimamisha, linabiringika na kwenda zake. Nilihangaika nalo kwa robo saa, mwishoni nikalikumbatia, nikapanda nalo kwenye mizani, kisha nikatoa uzito wangu. Kilo 24.6, rimu na tairi lake. Nikaandika kwa chaki ukutani, nikaenda kufungua la pili.

Wakati ule nilikuwa na hakika kwamba shida ya gari langu ilikuwa pale kwenye mizani. Ni gari la michezo la milango miwili, injini ya silinda nane mbele, nguvu inakwenda nyuma, giaboksi ya mkono, uzito karibu kilo 1,700 bila mtu ndani. Mara yangu ya kwanza kwenye mbio za dragi, zile za mstari ulionyooka kuanzia gari limesimama, nilimaliza mita 402 kwa sekunde 13.41. Si aibu, lakini watu wenye gari kama langu walikuwa wanaingia kwenye sekunde 12 huku wanapiga stori. Nikarudi nyumbani nikasoma usiku kucha, na kila nilipogusa nikakutana na sentensi ileile: kilo moja inayozunguka ni sawa na kilo nne zilizokaa tuli. Wengine wanasema nane. Nikapiga hesabu ya haraka, nikaona nikipunguza kilo tatu na nusu kila gurudumu nitakuwa nimetoa gari zima kilo hamsini na ushee, au hata mia. Nani asingenunua?

Nikanunua. Rimu nne za alumini iliyofuliwa, siyo ya kumiminwa. Tofauti yenyewe si porojo. Rimu ya kumiminwa ni alumini iliyoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu, ikapoa na vijitundu vyake visivyoonekana, kwa hiyo mtengenezaji anaweka nyama nyingi ili isivunjike. Ya kufuliwa inaanza kama gogo la alumini linalokandamizwa kwa shinikizo kubwa hadi chembe zake zinalala pamoja, halafu inachongwa. Inabeba mzigo uleule kwa nyama kidogo. Katikati zipo zile zilizomiminwa kisha ukingo wake ukavutwa na kukandwa kwa roli ukiwa bado wa moto. Bei yake ni ya katikati na uzito wake ni wa katikati, na kwa mtu asiye na haraka ya kujisifu ndiyo chaguo la busara. Mimi nilikuwa na haraka ya kujisifu.

Rimu mpya ilikuwa kilo 9.1. Ya zamani, bila tairi, 12.7. Kilo 3.6 kila upande. Nilipoinyanyua kwa mkono mmoja nilicheka peke yangu.

Kicheko kiliisha nilipofika kasi ya kilomita 100 kwa saa. Usukani ulianza kutetemeka, si sana, kama simu inayoita ndani ya mto. Fundi akabalansi magurudumu. Gari likatetemeka. Akabalansi tena, akasema labda tairi limepinda. Mara ya tatu akaanza kuniangalia mimi kana kwamba ndiye ninayetetemeka. Kilichokuwa kinatusumbua ni tundu la katikati. Habu ya gari langu, yaani kile kitovu ambacho gurudumu linafungwa, ina kipenyo cha milimita 70.5, na rimu nilizouziwa zilikuwa na tundu la milimita 73.1, kwa sababu watengenezaji wengi hutoboa tundu kubwa moja ili rimu iingie kwenye magari mengi. Hiyo nafasi ya milimita 2.6 inatakiwa kuzibwa na pete ndogo. Aliyeniuzia hakuniambia, na mimi sikuuliza, kwa hiyo rimu ilikuwa inakaa kokote nati zilipoisukumia. Nikaweka pete za plastiki, mtetemo ukaisha siku hiyohiyo. Baada ya siku kadhaa za kukanyaga breki kwa nguvu pete mbili zilikuwa zimelainika na kugandia kwenye habu kama ubani uliotafunwa. Sasa nina za alumini.

Na nati nazo. Kiti cha nati, pale inapokalia, kwenye rimu zangu mpya ni cha koni ya nyuzi 60. Kuna rimu nyingine zenye kiti cha duara kama kikombe. Ukifunga nati ya duara kwenye kiti cha koni, itakaza, spana itakuambia imefika, lakini inagusa kwenye ukingo mwembamba tu kama uzi, na baada ya safari moja inaanza kulegea. Hili nililijua kabla halijaniumiza, nashukuru. Ila bado nafungua kofia za nati baada ya kilomita 80 hivi na kuzipima upya, nguvu ya kukaza Nm 204 kila moja, hata nikiwa nimevaa nguo za harusi.

Siku ya majaribio ikafika. Nikajipanga, taa zikashuka, nikaondoka. Sekunde 13.38.

Nilirudia mara tano. Bora kuliko zote ilibaki hiyo hiyo 13.38. Yaani kwa pesa zote zile nilikuwa nimenunua sekunde 0.03, kiasi ambacho upepo wa mgongoni unakupa bure.

Jioni ile ndipo nilipokaa na kupiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla. Gurudumu linafanya kazi mbili: linakwenda mbele pamoja na gari, na linazunguka. Kazi ya kwanza ni sawa na ya kilo nyingine yoyote ndani ya gari. Kazi ya pili inategemea kilo hiyo iko umbali gani kutoka katikati ya ekseli. Ikiwa kwenye ngozi ya nje kabisa ya tairi, kuzunguka kunaongeza kilo moja kamili, basi jumla ni mbili. Haiwezi kuzidi mbili, labda ubuni fizikia yako. Rimu iko ndani zaidi, karibu theluthi mbili za njia kutoka katikati hadi ardhini, na kwa sababu umbali unazidishwa wenyewe kwa wenyewe, kilo moja ya rimu inahesabika kama kilo 1.4 hivi. Nilitoa kilo 14.4 kwa magurudumu manne. Mara 1.4, ni kama kilo 20. Kwenye gari lenye karibu kilo 1,780 mimi nikiwa ndani, hiyo ni asilimia 1.1. Na kwenye mita 402 ukipunguza uzito asilimia moja muda unapungua kama theluthi ya asilimia moja tu. Ukimaliza hesabu unapata sekunde 0.05.

Kilo moja sawa na nne! Niliyeiamini ni mimi, wa kulaumiwa simtafuti.

Ila nisizionee rimu. Barabarani zilibadilisha gari. Lilipopita kwenye matuta madogo ya mfululizo, yale ambayo zamani yalifanya nyuma irukeruke kama mbuzi, sasa shokamzoba ilikuwa inawahi kulirudisha gurudumu chini. Usukani ukawa mwepesi kujibu. Uzito ulio chini ya springi ndio unaolipa, na unalipa kila siku, kwenye kona na kwenye mashimo. Kwenye mstari ulionyooka wa sekunde 13 hauna pa kujionyesha.

Aliyenionyesha kilipo kidonda ni mzee mmoja mwenye gari kuukuu la rangi iliyopauka, ambalo nilikuwa nimelidharau hadi liliponipita. Alikuja nilipokuwa nimepaki, akainama, akaweka kiganja chake juu ya tairi langu la nyuma, akakisugua, akakitazama. Kilikuwa kikavu na safi. Akanivuta mkono akauweka juu ya tairi lake. Mkono ulinata. Nilipouondoa ulitoa sauti, na vijipunje vyeusi vilibaki kwenye mistari ya kiganja.

"Umenunua viatu vyepesi, kijana," akasema, "lakini unakimbia juu ya sabuni."

Akaniomba karatasi yangu ya muda. Mimi nilikuwa nasoma namba ya chini kabisa tu, ile ya mwisho. Yeye aliweka kidole kwenye namba ya juu: muda wa mita 18 za kwanza, ile futi 60 ambayo watu wa dragi wanaiapia. Yangu ilikuwa sekunde 2.20. Ya kwake 1.7. Akaniambia kila sehemu ya kumi ya sekunde unayoiokoa pale mwanzoni inakuja kuwa moja na nusu kule mwisho, kwa sababu unafika kila mahali ukiwa tayari una kasi zaidi. Nikatazama karatasi zangu zote za nyuma. Rimu nzito: 2.21. Rimu nyepesi: 2.20. Gari langu lilikuwa linazungusha matairi kwa urefu wa basi mbili kabla halijaanza safari, na mimi nilikuwa napima kilo.

Hapo ndipo nikakumbuka kituko cha mara yangu ya kwanza, ambacho sikuwa nimekielewa. Kabla ya mstari wa kuanzia kuna sehemu iliyomwagiwa maji, watu wanaingia, wanazungusha matairi ya nyuma mpaka moshi unatoka, wanaondoka. Nikaingia na mimi, na matairi yangu ya barabarani. Yale meno yote yaliyochongwa kwa ajili ya kufukuza maji yalifanya kazi yake vizuri: yakayabeba maji hadi kwenye mstari wa kuanzia, juu ya ile dawa ya kunata waliyoipaka kwa kazi kubwa, na madigadi zikanyunyiza yaliyobaki. Mhudumu alikuja kuifuta huku anaongea maneno ambayo kofia yangu ilinisaidia kutoyasikia. Tairi la barabarani unalipitisha pembeni ya maji, unalipasha kidogo ukipenda, unakwenda. Maji ni ya tairi lisilo na meno, au lenye machache.

Basi nikaanza kutafuta tairi la dragi. Hapa kuna njia panda ambayo watu wanaipita haraka mno. Kuna radiali, ambalo nyuzi zake zimelala moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu, na kuna lile la nyuzi za mshazari, zilizopishana kama mkeka. Ukiwahi kuona picha ya gari la dragi likiondoka huku ubavu wa tairi umekunjamana kama kitambaa kilichosukumwa mezani, hilo ni la mshazari. Ile mikunjo inameza kishindo cha klachi, ekseli inapona, na hata likizunguka kidogo linaendelea kusukuma. Ila kwenye kasi kubwa linayumba, linapanda kipenyo, na linakula nguvu zaidi kwa kubiringika tu. Tena ukilifunga nyuma huku mbele una radiali, gari linakuwa na tabia mbili, na tabia ya nyuma ndiyo inayoshinda ukiwa kwenye kasi ya mwisho, wakati ambao hutaki mabishano. Radiali limetulia, linabiringika kwa wepesi, lakini halisamehi: lishike tangu mwanzo. Likishaanza kuzunguka, limekwenda, ondoa mguu.

Mimi nilitaka gari la kwenda nalo uwanjani na kurudi nalo, kwa hiyo radiali. Na ndani ya radiali zenyewe kuna ngazi. Mickey Thompson wanatengeneza ET Street R, ambalo lina mifereji michache tu ya kuomba ruhusa ya barabarani, na ET Street S/S, lenye meno zaidi, linalokubali kuendeshwa hadi uwanjani. Nikachukua la pili. (Jina hilo ni la mtu kweli: ndiye Mmarekani wa kwanza kupita maili 400 kwa saa, mwaka 1960, kwenye chumvi ya Bonneville, kwa gari la injini nne alilolijenga mwenyewe. Nilipojua hivyo tairi likapanda hadhi kidogo machoni pangu, japo halikuongeza kasi.)

Saizi ndiyo iliyonichukua siku nyingi. Nyuma nilikuwa na 275/40R19, yaani upana wa milimita 275 kwenye rimu ya inchi 19. Ubavu wake ni asilimia 40 ya 275, yaani milimita 110. Mpira mfupi hivyo hauna pa kukunjika; kishindo chote kinakwenda moja kwa moja kwenye lami, na lami inasema hapana. Ukipunguza rimu hadi inchi 17 na kuweka 305/45R17, ubavu unakuwa milimita 137, na kipenyo cha jumla kinatoka 703 kwenda 706. Yaani gia hazijui kama umebadilisha kitu, kipima kasi hakidanganyi, ila umepata sentimita mbili na nusu na zaidi za mpira wa kukunjika, na upana juu yake. Inchi 15 ingekuwa bora zaidi kwa hesabu hiyo, na watu wa dragi wanaipenda, lakini diski zangu za breki za nyuma zina milimita 330 na kalipa, kile kinachobana diski, juu yake. Rimu ya inchi 15 ina milimita 381 kwa nje, ndani pungufu. Haiingii mpaka ubadilishe breki ziwe ndogo, nami sijafikia imani ya namna hiyo.

Hata ile ya 17 sikuiamini kwa macho. Inchi 17 ni kipimo cha pale tairi linapokaa, siyo nafasi iliyopo ndani, na mkono wa rimu unaweza kupinda vizuri ukalikwepa kalipa au ukaja kulikwangua. Nilikata boksi kwa umbo la kalipa, nikalizungusha ndani ya rimu kabla sijalipa. Upande wa madigadi nilifanya hesabu: rimu ya zamani ilikuwa na upana wa inchi 9.5 na ET 52 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu), mpya ina inchi 10 na ET 44. Katikati ya gurudumu inasogea nje milimita 8. Tairi linapanuka milimita 15 kila upande. Kwa hiyo nje linatoka 23, ndani linaingia 7. Hesabu hiyo ni ya karatasi. Tairi lililoandikwa 305 na kiwanda kimoja halilingani na 305 la kiwanda kingine. Nikachukua dongo la kuchezea la watoto, nikabandika madonge manne ndani ya madigadi na kwenye mkono wa suspensheni, nikashusha jeki, nikakaribisha watu wawili wazito wakae nyuma na kurukaruka. Donge la ndani lilibaki zima. La nje lilikuwa limelambwa upande mmoja, limebaki unene wa kidole. Nikaridhika.

Na nyuma ya rimu soma maandishi. JWL na VIA ni alama za Japani za majaribio ya rimu, na pembeni yake huwa kuna namba ya mzigo. Gari la kilo 1,700 lenye watu na mafuta linaweka zaidi ya kilo 450 juu ya kila gurudumu la nyuma hata kabla hujaondoka. Rimu isiyosema inabeba kilo ngapi mimi siigusi, hata iwe nyepesi kama sahani.

Kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo ningelipuuza, kama si kuhesabu kwa kuchoka. Uso wa rimu mpya pale inapokaa kwenye habu ulikuwa mnene zaidi. Nikawa nafunga nati kwa vidole, nahesabu mizunguko bila sababu: moja, mbili, tatu... saba, ikagota. Stadi zangu, zile bolti za habu ambazo nati zinafungwa, ni za milimita 14, na kila mzunguko unasogeza milimita 1.5. Saba ni milimita 10.5. Kanuni ya NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani kilichoanza 1951, inataka uzi unaoshikana na nati usipungue kipenyo cha stadi yenyewe. Kwa hiyo milimita 14, mizunguko tisa na kitu. Nilikuwa nakaribia kuzindua gari na magurudumu yasiyoshikwa ipasavyo. Nikabadilisha stadi zote kumi za nyuma kwa ndefu.

Kisha nikayapima. Nilishapanda kwenye mizani na gurudumu mikononi mara nyingi, sikuhitaji tena kujishika. Rimu peke yake kilo 9.6. Pamoja na tairi: 24.4.

Nikapanda tena. 24.4.

Gramu mia mbili chini ya lile gurudumu zito la kiwandani nililolitupa kwa dharau. Tena uzito wenyewe ulikuwa umehama kutoka kwenye rimu kwenda kwenye mpira, mbali zaidi na katikati, mahali ambapo kuzunguka kunauhesabu karibu mara mbili. Kwa dini yangu ya zamani, hili lilikuwa gurudumu baya kuliko yote niliyowahi kumiliki.

Uwanjani nilianza kwa ujinga wa upande wa pili. Nilisikia "punguza upepo", nikapunguza hadi psi 12, kwa sababu niliona watu wanaenda huko. Wale walikuwa na matairi ya mshazari. Radiali langu kwa psi 12 lilikuwa linaelea juu ya ubavu wake. Mita 18 za kwanza nilizipita kwa sekunde 1.98, na kule mwisho gari lilikuwa linaogelea kushoto na kulia kiasi kwamba niliondoa mguu kabla ya mstari. Nikajaza hadi 20: likateleza, 1.93. Kumi na nane: 1.86. Kumi na saba: 1.84. Kumi na sita: 1.87. Nikarudi 17 nikakaa hapo. Kwa kazi hii kipimo cha upepo cha kawaida kinachofika 100 hakifai. Sindano yake inatikisika tu pale chini. Nunua kinachoishia 30 ambacho nusu ya psi inaonekana. Na pima tairi likiwa limeshapoa au likiwa limeshapata moto, chagua moja, usichanganye.

Kuyapasha nako nilikuwa nazidisha, kwa sababu moshi unapendeza. Ukweli ni kwamba radiali linataka kidogo: lowesha, toka kwenye maji, gia ya pili, zungusha hadi ukungu mweupe uanze kutoka na sauti ibadilike, acha. Ukiendelea mpira unapita kwenye kunata unaingia kwenye kuteleza kama mafuta.

Mbio ya saba ya siku ile: mita 18 kwa 1.84, mita 402 kwa sekunde 12.86. Nusu ya sekunde na zaidi, kwa gurudumu zito. Mshiko wa mfukoni ulikuwa umeshakwisha, lakini huu wa lami ulikuwa umepatikana.

Ya nane nikavunja ekseli.

Nilitaka 1.79. Nikapandisha injini hadi mizunguko 4,500 kwa dakika, nikaachia klachi kwa ghafla. Tairi halikuteleza. Gari likainua pua, nyuma ikaanza kupiga, du-du-du-du, gurudumu likishika na kuachia mara nyingi kwa sekunde, na badala ya kuondoa mguu nikasubiri lipite. Kikatoka kishindo kimoja kama sufuria iliyopigwa nyundo, injini ikapaa, gari likasimama. Nikasukumwa hadi pembeni mbele ya watu wote. Tairi la barabarani, kumbe, lilikuwa fyuzi yangu. Lilikuwa linateleza ili vingine vipone. Nilipoiondoa fyuzi, umeme ukaenda kutafuta kilicho dhaifu kinachofuata: bushi za mpira za suspensheni ya nyuma zilizokuwa zinaruhusu kila kitu kicheze, kisha ekseli, na baada ya ekseli foleni inaendelea hadi difu na giaboksi. Nikaweka bushi ngumu na ekseli mpya, nikajifunza kuiteleza klachi kidogo kuanzia mizunguko 3,200. Yule mzee alikuja akatazama chini ya gari, akatikisa kichwa, akaniuliza kama sasa nimeelewa kwa nini lake limepauka rangi. Pesa zote ziko chini.

Siku hizi nachora mstari mweupe kwa rangi, kutoka kwenye rimu hadi kwenye ubavu wa tairi, mkabala na nozeli. Kwa upepo mdogo na mshiko mkubwa rimu inaweza kuzunguka ndani ya tairi. Mara ya kwanza niliukuta mstari umekatika, sehemu ya tairi iko nyuma kwa upana wa dole gumba, na njiani kurudi gari likatetemeka kwa sababu balansi ilikuwa imehama. Lile tairi lilikuwa limefungwa siku hiyohiyo asubuhi na sabuni ya kuliingizia kwenye rimu bado iko ndani. Sasa nafunga siku mbili kabla, kwa sabuni kidogo kabisa.

Na siendeshi nayo tena hadi uwanjani, ingawa maandishi ubavuni yananiruhusu. Niliacha siku moja ya mvua. Nilikuwa narudi, kilomita 60 kwa saa, siyo mwendo, na barabara ilikuwa na utando wa maji usiozidi unene wa sarafu. Sikukanyaga chochote. Nyuma ilijinyanyua tu kimya, usukani ukawa mwepesi mkononi kama wa kuchezea, na gari likaanza kutazama upande. Upana wa milimita 305 wenye meno machache ni sahani juu ya maji. Lilijirudi lenyewe, sina ufundi wa kujisifia hapo. Nilimaliza safari kwa mwendo wa baiskeli huku taa za dharura zinawaka. Sasa naenda kwa zile rimu nyepesi na matairi yake yenye meno, yale ya dragi yamelala nyuma kwenye kiti, nayabadilisha palepale uwanjani kwa jeki. Watu huuliza kwa nini mbele siweki yale magurudumu membamba kama ya pikipiki. Yanaokoa kilo nyingi, ni kweli. Lakini breki za gari hili zinafanya sehemu kubwa ya kazi yake mbele, na mwisho wa mita 402 huwa nataka kusimama.

Kati ya mbio na mbio yanakaa kwenye mifuko myeusi ya plastiki, mbali na jua, na mbali na mota ya kompresa kwa sababu cheche zake hutengeneza ozoni inayokausha mpira.

Wiki iliyopita niliyatoa, mbio arobaini na kitu baadaye, nikapanda nayo kwenye mizani ileile. Kilo 23.6. Gramu 800 nimeziacha pale kwenye mstari wa kuanzia.